Onyesho la Tano Nililolifuta

Jumatatu, 3 Aprili 1995

Mdomo wangu utanipeleka pabaya. Leo umenipeleka dukani kwa Walter wa vidio.

Nilikwenda kudai haki tu. Walter ndiye aliyepiga picha harusi ya mpwa wangu mwezi uliopita. Saa tatu za kaseti! Dakika arobaini ni sahani. Sahani za wali, sahani za kuku, shangazi mmoja anatafuna, shangazi wa pili anatafuna. Bibi harusi anaonekana kisogo. Nikamwambia mbele ya wateja wake: hii si vidio, hii ni orodha ya vyombo.

Hakukasirika. Huo ndio ubaya wake, hakasiriki. Akanieleza kwamba aliyegharimia chakula anataka chakula kionekane. Kwamba hata matangani ni hivyo hivyo — asipopitisha kamera usoni kwa kila mtu aliyekuja, wiki ijayo ataulizwa, "Kwani mimi sikuja kuzika?" Nikamwambia hiyo ni kazi ya karani wa sensa. Filamu huanzia kwenye karatasi. Kamera bila muswada ni jicho bila kichwa! Nikaendelea. Nadhani niliendelea robo saa.

Aliniacha nimalize, kisha akasema, taratibu, "Mwalimu, kama unaijua hivyo, kuna watoto watatu hapa wananisumbua kila likizo. Wanataka kutengeneza sinema. Chumba cha nyuma kiko, tivii iko. Wafundishe kuandika. Mwisho wa mwezi nitawapa kamera siku moja, bure."

Wateja wote wakanigeukia. Ningesema nini? Nikasema Alhamisi, saa nne.

Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na tano. Nimegombana na wakuu wa shule watatu, wa mwisho ndiye aliyeshinda. Nimeandika barua kwa mhariri zaidi ya mia. Muswada wa filamu? Sijaandika hata mmoja. Usiku huu nina vitabu viwili vya kazi hiyo, nimevichomoa kwenye rundo langu mwenyewe la vitabu ninavyouza siku hizi soko la Kibuye. Kimoja hakina kurasa za mwisho.

Alhamisi, 6 Aprili

Wanafunzi watatu kweli.

Opiyo, miaka kumi na saba, mrefu kama mlingoti. Ameona kila filamu ya karate iliyowahi kufika Kisumu. Anataka kuua watu. Wakhisi, kumi na tano, hasemi, anachora tu. Nikauliza wa tatu yuko wapi. Mlango ukafunguliwa, akaingia msichana wa miaka kumi na sita, mtandio wa kijani, daftari kifuani.

Rehma. Rehma wa Safia!

Safia anauza nguo za mitumba Kibuye, kibanda kinachopakana na changu. Kati ya changu na chake ni mti mmoja tu wa nguzo. Hatujasemezana tangu Machi 1991.

Nilitaka kumwuliza mtoto, mama yako anajua uko hapa? Nikaacha. Kumwuliza hali ya mama ni sawa na kumsalimia mama.

Basi nikafundisha. Nikawaambia: filamu haijui kinachoendelea moyoni. Inajua kinachoonekana na kinachosikika. Ukiandika "Adero ana huzuni", Walter ataielekeza wapi kamera? Opiyo akasema, "Kwa macho, Mwalimu, machozi inatoka." Nikasema machozi ni rahisi, hata kitunguu huyatoa. Nipe Adero mwenye huzuni bila machozi. Wakhisi akachora kitu, akakigeuza tukione: mwanamke ametia chai kwenye kikombe mpaka imefurika, na bado anamimina.

Nilifurahi kiasi cha kukasirika. Kumi na tano! Mimi nilihitaji vitabu viwili.

Ijumaa, 7 Aprili

Sokoni. Wateja wachache. Safia alifungua mzigo mpya wa makoti — makoti, katika joto hili! Akamwambia mteja aliyekuwa akipekua vitabu vyangu, "Kaka, mwambie huyo mwenye vitabu kiti chake kimevuka mpaka." Kaka yule akageuka, akaniambia neno kwa neno, kana kwamba nilikuwa mbali kule Bondo. Nikasema, "Mwambie mpaka uko palepale ulipokuwa jana." Akamgeukia, akamwambia. Wateja wa safu yetu wameshazoea. Wengine hupokea ujumbe na kutoa risiti.

Niandike ukweli wa jambo lile, maana humu hasomi mtu. Mwaka 1991 niliandika barua gazetini kupinga mitumba. Kwamba inaua pamba yetu ya Bondo na ukanda wote wa ziwa. Barua nzuri! Hoja zake hazijajibiwa mpaka leo. Ila niliweka mfano: "jirani yangu sokoni, mwanamke mwerevu katika kila jambo jingine". Nikaandika kwamba hufungua mzigo wake kama anayefungua zawadi, kumbe anafukia kaburi la mkulima. Kijana mmoja akaisoma kwa sauti pale kwa mama wa chai. Safia alisikiliza mpaka mwisho. Tulikuwa marafiki wa miaka tisa. Akauliza swali moja tu.

"Na vitabu vyako, Dorca, vimelimwa Bondo?"

Safu nzima ilicheka. Vitabu vyangu vyote vina mihuri ya maktaba za Uingereza. Kwa barua ningeweza kuomba radhi. Swali lile sijaweza kulisamehe.

Jumanne, 11 Aprili

Waliniletea kazi zao. Opiyo: kufikia chini ya ukurasa wa kwanza watu kumi na saba wamekufa, na helikopta inatua Kisian.

"Helikopta tutaipata wapi?"

"Hiyo ni ya Walter kujua, Mwalimu."

Nikawapa sheria, nikaiandika ubaoni kwa herufi kubwa: ANDIKA KWA VITU ULIVYONAVYO. Una nini? Una baiskeli, una mbuzi wa jirani, una mvua ya alasiri. Anza hapo. Mwishoni mwa saa helikopta imekuwa baiskeli, bunduki imekuwa manati, na wafu kumi na saba wamekuwa mmoja, naye amezirai tu. Opiyo alisaini mkataba huo kwa uchungu mkubwa.

Wakhisi: picha nane bila neno. Beseni lina samaki. Mkono. Mkono mwingine. Beseni tupu. Kila mtu anamtazama paka. Paka anamtazama mwenye beseni. Nilitafuta kosa. Hakuna.

Kisha nikafanya upumbavu. Niliwasomea mfano wangu mwenyewe: mwalimu anamweleza mkuu wa shule ukweli. Ukurasa mmoja na nusu. Niliusoma kwa moto! Nilipoinua macho Opiyo alikuwa akihesabu mbao za dari. Rehma aliinua mkono.

"Mwalimu, huyu mkuu wa shule anafanya nini wakati wote huo?"

"Anasikiliza."

"Hata haangalii saa?"

"Mwalimu," Opiyo akasema, "hiyo si skripti. Hiyo ni barua kwa mhariri."

Wakacheka mpaka Walter akachungulia. Nikasimama kujitetea. Nikaona kwamba utetezi wangu nao utakuwa ukurasa mmoja na nusu. Nikakaa. Nikasema vizuri, mmenikamata. Maneno yanayoweza kuondoka bila filamu kuanguka, yaondoke. Nikachukua kalamu yangu nyekundu, nikakata. Yalibaki maneno matatu: "Bwana mkuu, hapana." Inauma kuona yanatosha.

Saa sita Rehma akafungua hotipoti. Akasema mama yake amesema hizi chapati ni za wanafunzi. Wanafunzi ni watatu. Chapati zilikuwa nne. Kila mmoja akala yake, ya nne ikabaki pale katikati ikitoa moshi. Nilieleza kwamba sili ngano mchana. Nilieleza sababu za kisayansi.

Usiku huu nimeila. Tabaka zake ni zilezile za kabla ya 1991.

Alhamisi, 13 Aprili

Leo zamu ya Rehma. Muswada wake unaitwa "Mpaka". Wanawake wawili ufukweni wanauza bega kwa bega, mmoja omena, wale dagaa wa ziwani, wa kuanika, mwingine samaki wa kukaanga. Hawasemezani. Wanatumiana ujumbe kwa wateja. Mama Omena ni mwenye maneno. Anabishana na askari wa baraza la mji, anabishana na mchungaji, anabishana na redio. Kila alasiri huacha omena wake juani akaenda kugombana na mtu mahali.

Msichana anajua kuandika. Lakini mimi si mwalimu wa kusifu. Nikamwambia huyu Mama Omena umemzidisha. Nani anabishana na redio? Redio haijibu! Mhusika akizidi anakuwa kikatuni. Mpunguze.

Opiyo alipaliwa na kitu. Alitoka nje kukohoa.

"Na hili onyesho la tano," nikasema. Katika onyesho la tano mvua inakuja, Mama Omena hayupo, na yule wa samaki anakimbia kufunika omena wa adui yake. Mali yake mwenyewe inalowa. "Kwa nini afanye hivyo?"

"Kwa sababu mvua inanyesha, Mwalimu."

"Hiyo ni sababu ya mvua. Sababu yake yeye ni ipi? Wamegombana, hawasalimiani miaka, halafu amfunikie? Mtazamaji hataamini. Unawapenda wahusika wako mno, Rehma. Unawasaidia."

"Lakini hutokea."

"Wapi?"

Akatazama daftari lake. "Mahali."

Nikalipiga mstari mwekundu onyesho zima, kona hadi kona. Nikaandika pembeni: *Haiwezekani. Futa.* Wakhisi alinitazama kama yule paka wake.

Jumapili, 16 Aprili. Pasaka

Kanisani. Mahubiri marefu. Nilikuwa nayakata kichwani kwa kalamu nyekundu. Yalibaki maneno mawili, nayo yalikuwa mazuri: Hayupo hapa.

Jumanne, 18 Aprili

Nianze mwanzo.

Walter alikuja darasani kutupa masharti. Kamera ni Jumanne ijayo, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi ni mazishi na Jumapili ni harusi. Kaseti moja fupi. Hana mashine ya kukata na kuunga picha. Kitakachopigwa kwanza ndicho kitakachoonekana kwanza, na hakuna kurudia. "Kama mazishi," akasema. "Huwezi kuambia watu, rudisheni jeneza, nilikuwa nabadilisha betri." Kwa hiyo muswada uandikwe kwa mpangilio ule ule wa kupiga, na yote yatokee mahali pamoja tu.

Watoto wakapiga kura. "Mpaka" ukashinda, kura tatu kwa sifuri, hata Opiyo. Nikasema vema, ila omena wengi hivyo na ufukwe tutavipata wapi kwa siku moja?

Rehma akasema ameshalifikiria hilo. Amefuata sheria ya ubaoni, akaandika upya kwa vitu alivyonavyo. Akagawa nakala. Nikasoma kama mwalimu, kalamu mkononi.

*Onyesho la kwanza. Kibuye, asubuhi. Vibanda viwili. Kushoto vitabu. Kulia nguo.*

Nikasahihisha herufi moja. Nikaendelea. Mwenye vitabu anamwambia mteja, mwambie mpaka uko palepale. Mwenye vitabu anabishana na redio.

Kalamu ikasimama.

Nabishana na redio. Kila taarifa ya habari. Mungu wangu — nabishana nayo!

Opiyo alikuwa anasoma viatu vyake. Wakhisi alifunika uso kwa karatasi. Na onyesho la tano lilikuwa limerudi. Mwenye nguo anafunika vitabu. Chini yake, kwa mwandiko mdogo: *Mwalimu, samahani. Hili halifutiki.*

Wiki mbili nimewafundisha kutazama! Wiki mbili nimekaa mbele yao nikisahihisha sura yangu mwenyewe, nikisema imezidishwa!

Nikasema darasa limekwisha. Nadhani nilisema pia neno "hila", na "kejeli", na "vijana wa siku hizi". Sikumbuki vizuri. Walikuwa wameshatoka.

Jumatano, 19 Aprili

Jambo moja halikukaa sawa. Nguo, vitabu, redio, hayo ni kweli. Lakini kufunikwa? Kila siku saa nane nafunga daftari la mauzo nakwenda posta kutuma barua zangu. Mvua ikinikuta huko, nikirudi nakuta vitabu vimefunikwa kwa karatasi ya nailoni, mawe manne kwenye pembe. Miaka minne. Lakini huyo ni Wasike, mlinzi! Kila Krismasi nampa Wasike kitabu kwa wema huo. Ameshapokea vinne.

Nikamngoja aingie zamu saa kumi na mbili jioni. Nikamwuliza.

"Mama," Wasike akasema, "mimi ni mlinzi wa usiku. Hiyo mvua ya saa tisa mimi niko nyumbani nimelala fofofo."

"Na vitabu nilivyokupa?"

"Nilidhani unanipenda tu."

Akaniuliza kama avirudishe. Nikasema hapana. Akasema vizuri, kwa sababu cha pili bado anakisoma.

Nailoni yangu ni ya bluu. Nimekwenda kuikagua nikiwa na kandili ya Wasike. Ina viraka viwili. Mimi sijawahi kuitia kiraka. Kimoja kimeshonwa kwa uzi wa koti.

Ijumaa, 21 Aprili

Rehma alikuja kibandani peke yake, asubuhi, kabla mama yake hajafika. Alisimama upande wa wateja kama anayetaka kununua.

Akasema yuko tayari kubadilisha. Arudishe omena.

Nikamwuliza tangu lini anaandika muswada wake kwa kuogopa mtu. Akasema tangu Jumanne. Nikasema aache upumbavu huo. Kikizidishwa kikatwe, kikiwa kweli kibaki, hata kama mwalimu anaona haya. Hasa akiona haya! Nikamrudishia nakala yake ya kwanza, ile ya omena niliyobaki nayo. Onyesho la tano nilikuwa nimeliwekea vidoti chini ya mstari wangu mwekundu, alama ya wahariri: liache lilivyo.

Aliiona. Akaitia ndani ya daftari. Huyu ataandika.

Nikamwambia onyesho la sita ni ukurasa mtupu. Mwisho uko wapi?

"Sina, Mwalimu. Wewe ulisema mwisho usitoke mfukoni kwa mwandishi. Utoke kwa wahusika. Sasa wahusika..." Akatazama kibanda changu, akatazama cha mama yake. "Wahusika hawajafanya kitu bado. Nikikosa mwisho nitakuwa nimepiga picha soko tu. Kama sahani za Walter."

"Mama yako ameusoma?"

"Nimemsomea."

"Akasema nini?"

Akajizuia kucheka. "Amesema, mwambie mwalimu wako mimi sijui kuigiza. Jumanne nitakaa kibandani kwangu kama siku zote. Mwenye kamera na apite."

"Mwambie na mimi vilevile. Kibanda ni changu."

Opiyo amevunjika moyo. Kumbe alikuwa ameshaazima gauni la shangazi yake aniigize mimi! Alikuja alasiri kulalamika, nikamwambia basi anionyeshe. Akatembea safu nzima, kidole kimetangulia, mwili unafuata. Muuza viazi aliketi chini kwa kicheko. Safia alificha uso ndani ya koti.

Nilitembea kwenda posta mikono nimeifungia nyuma. Ilikuwa kazi ngumu.

Jumanne, 25 Aprili

Saa tano asubuhi. Naandika kwa vipande, katikati ya kazi.

Walter amekuja na suti ya mazishini. Ndiyo nguo yake ya kamera, anasema, bila hiyo mikono inatetemeka. Onyesho la kwanza na la pili yamepita. Mteja ni Wakhisi. Alipaswa kupokea ujumbe wa Safia na kuniletea mimi. Alisimama kati yetu, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane akasema sentensi nzima: "Amesema kiti." Rehma akasema hiyo ni bora kuliko aliyoiandika, ibaki.

Sikuigiza. Nilikasirika kweli kuhusu kiti.

Saa saba. Balaa! Walter ameona watu wamekusanyika, mazoea yakamshika. Amepitisha kamera usoni kwa kila mtu safu nzima, taratibu, kushoto kwenda kulia, muuza viazi, mama wa chai, watoto wake wanne, mpaka mbuzi. Dakika kumi na nane za kaseti! Rehma nusura alie. Walter anasema ameshindwa kuwaruka, wangemwona mbaya. Mbuzi je, nikamwuliza, naye angelalamika? Nikafungua mdomo kuendelea. Nikaufunga. Mtoto hakuhitaji hotuba yangu, alihitaji dakika. Zimebaki kumi na moja. Opiyo ameshika karatasi anahesabu kama mwamuzi wa ngumi.

Saa nane. Onyesho la tatu na la nne tayari. Katika la nne nabishana na redio, kisha nachukua bahasha zangu naondoka. Redio ilinisaidia: waziri fulani alikuwa anazungumzia pamba. Sikuhitaji kuelekezwa. Dakika tano zimebaki.

Sasa onyesho la tano linataka mvua, na mimi nisiwepo. Rehma amenipanga hapa kwa mama wa chai, ng'ambo ya njia, nyuma ya pipa, nisionekane. Tunangoja. Mawingu yamerundikana upande wa Nandi, meusi, hayaji. Mama wa chai anasema ningekwenda posta kweli, mvua ingeshuka mara moja, ndiyo kawaida yake.

Miaka minne sijawahi kukaa hapa saa hizi. Kutoka hapa vibanda vyetu vinaonekana kimoja. Mti wa katikati hauonekani kabisa.

Safia yuko kwenye kiti chake anakunja sweta. Amenenepa kidogo. Amevaa miwani, sikujua. Kila mara anatazama juu, kisha anatazama vitabu vyangu, kisha anakunja. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kamera bado haijawashwa.

Saa tisa kasoro. Upepo. Vumbi. Ndiyo hiyo inakuja! Matone makubwa juu ya mabati. Walter amewasha, Opiyo amemshikia mwavuli, na watu wote wanakimbia, muuza viazi, wateja, hata Wakhisi. Safu imebaki tupu.

Safia ameinuka. Nguo zake ziko nje zote, amezitundika tangu asubuhi ili picha ipendeze. Hajazigusa. Amevuta nailoni ya bluu kutoka chini ya meza yangu — chini ya meza yangu, anajua ilipo kuliko mimi — ameitupa juu ya vitabu. Jiwe. Jiwe la pili. Upepo wa leo si wa kawaida. Pembe ya mbele imenyanyuka. Ameishika, ya nyuma imefunguka. Ameikimbilia, ya mbele imeruka tena. Makoti yanalowa. Mtandio wake umeshikana na uso. Rehma anamwita Walter, anamwonyesha karatasi: onyesho la sita, ukurasa mtupu. Opiyo ameinua vidole vitatu. Dakika tatu.

Nina hotuba. Ninayo tangu Jumatano, nimeiandika na kuikata, imebaki mistari minne mizuri kuhusu pamba, vitabu na ukaidi. Naisoma kichwani. Haina hata neno moja linaloonekana.

Safia anageuka huku na huku. Anatafuta mtu. Anajua niko huku, ameniona, amefungua mdomo — lakini hakuna mteja, hakuna kaka, hakuna dada, hakuna wa kuambiwa "mwambie". Wote wamekimbia mvua.

Nailoni ina pembe nne. Yeye ana mikono miwili.

Daftari namwachia mama wa chai.